Sababu Zilizo Nje ya Uwezo Wangu

Kwa miaka 33 niliyokaa kazini, kwanza masjala kisha dawati la udahili, hakuna maneno niliyoyasoma mara nyingi kuliko haya: kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu. Yalikuwa yakikaa aya ya pili ya barua, chini ya kichwa kilichopigiwa mstari, YAH: MAOMBI YA KUHAMA CHUO, baada ya mwombaji kutaja jina, namba ya usajili, kozi na mwaka wa masomo. Kisha ikafuata sababu yenyewe. Pumu. Vidonda vya tumbo. Baba amefariki na wadogo zangu hawana mlezi. Mume amepata uhamisho wa kikazi. Na mwisho, ni matumaini yangu kuwa ombi langu litafikiriwa.

Mwaka 1988, wiki moja ya Oktoba, zilinifikia barua saba kutoka chuo kimoja cha mkoani. Zote za wasichana, zote za mwaka wa kwanza, zote pumu, na vyeti vya daktari vilivyoambatishwa vilikuwa na mhuri wa zahanati moja. Nilikuwa na miaka minne tu kazini na nilijiona ninajua. Nikazipeleka kwa Mzee, mkuu wetu wa masjala, nikamwambia hawa wamekaa wakapanga uongo. Mzee alizitandaza mezani, akazisoma zote saba bila haraka, akavua miwani.

"Pumu haiambukizi, mwanangu," alisema. "Wasichana saba hawawezi kuugua pumu wiki moja. Kuna kitu kinawakimbiza."

Ninaandika makala haya kwa sababu ya maneno yale. Mtu akiniuliza wanafunzi wa nchi hii wamekuwa wakihama vyuo kwa sababu gani, siwezi kumpa orodha kutoka kwenye majalada nikaiita kweli. Ukisoma majalada ya uhamisho utatujua zaidi sisi tuliokaa upande wa pili wa meza kuliko walioandika. Mwombaji huandika kile anachoamini kwamba mpokeaji yuko tayari kukisikia, na kila zama ilikuwa na sababu yake iliyopita bila kupingwa.

Mzee aliyajua haya kwa sababu alikuwepo tangu mwanzo. Alianza kazi kama tarishi mwaka 1961, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilipofunguliwa Oktoba 25 ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Alikuwa akivusha vitabu barabara kwa baiskeli. Mwaka 1964 alipanda nacho mlimani Ubungo, vumbi na matingatinga, na aliendelea kupaita "kule juu" hata baada ya kuhamia chuo ambako mimi nilimkuta.

"Zamani hizo hatukuwa na faili la uhamisho," aliniambia. "Watu walihama kila mwaka, ila hapakuwa na aliyeomba."

Ilikuwa hivi. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ilikuwa na udaktari na kilimo. Nairobi, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 ikiitwa Royal Technical College, ilikuwa na uhandisi, na mwaka 1962 masomo ya tiba ya mifugo yakahamishwa kutoka Makerere kwenda Kabete. Dar es Salaam ikapewa sheria. Juni 1963 vyuo hivi vitatu vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Fedha za kujenga kitivo kilekile mara tatu hazikuwepo, kwa hiyo aliyesafirishwa ni mwanafunzi. Kijana wa Songea aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Wa Bukoba aliyetaka udaktari alikwenda Kampala. Wa Kenya au Uganda aliyetaka shahada ya sheria alikuja Dar es Salaam. Mzee aliwakumbuka kwa masanduku yao ya bati na kwa sweta walizovaa Machi wakitoka Nairobi, wakizivua kabla hawajafika getini. Wa kwenda Makerere walipanda gari moshi la reli ya kati mpaka Mwanza, kisha meli ya ziwani. Hakuna kati yao aliyeeleza kwa nini anaondoka kwao. Sababu ilijulikana na kila mtu: kitivo kiko kule.

Hao si watu wadogo. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alisomea sheria Dar es Salaam. Yoweri Museveni aliingia Mlimani mwaka 1967. Ukiwauliza kama walikuwa wahamiaji wa chuo, nadhani neno lingewashangaza.

Kwetu pwani desturi hii ina mizizi ya zamani kuliko chuo kikuu chochote cha huku. Babu yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alisoma kwa shekhe mmoja mpaka akamaliza vitabu alivyokuwa navyo, na shekhe mwenyewe ndiye aliyemwambia aende Unguja kwa fulani, kwa kuwa fani iliyobaki iko kwake. Wanazuoni wakubwa walienda mbali zaidi. Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, alisoma Hadhramaut na akafika Istanbul na Cairo kabla ya jina lake kutulia Unguja kama kadhi. Sheikh Abdallah Bakathir alitoka Lamu, akasoma Makka na Hadhramaut, akaja kufundisha Unguja. Mwanafunzi alibeba ijaza, yaani ruhusa ya mwalimu iliyotaja amesoma nini na kwa nani, na kuondoka kwake kulikuwa heshima kwa mwalimu aliyeachwa. Nimesoma maelfu ya barua za kuachiliwa kutoka vyuo vya siku hizi. Nyingi zina mstari mmoja: chuo hakina pingamizi.

Nirudi kwenye Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kwa kuwa kuna siku moja ndani ya uhai wake ambayo kwa maoni yangu ndipo barua ya uhamisho ilipotungwa mimba. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana wakiwa na majoho mekundu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 palepale, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Amri ile ya jeshi haikuwahusu Wakenya na Waganda. Wao waliendelea na vipindi. Mzee alipita mabwenini kesho yake akikuta vyumba ambavyo kitanda kimoja kimetandikwa na kingine kimebaki godoro tupu. Chuo kilikuwa cha nchi tatu, kumbe mwanafunzi alikuwa wa nchi moja. Wengi wa Watanzania wale walirudishwa masomoni mwaka uliofuata, lakini jambo lilikuwa limeshaonekana.

Julai 1, 1970, kila nchi ikachukua chuo chake. Kuanzia hapo shahada zikawa tatu, mitaala mitatu, na msajili wa huku hakulazimika tena kuamini alama za kule. Hapo ndipo faili likafunguliwa, na Mzee alikumbuka hata rangi yake: la kijani, limeandikwa kwa mkono, Uhamisho. Barua za mwanzo ndani yake zilitoka Uganda.

Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda Januari 1971. Mwaka uliofuata Waasia wakafukuzwa, na Makamu Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, akachukuliwa na hakuonekana tena. Agosti 1976 askari waliingia chuoni na kuwapiga wanafunzi. Walimu walitawanyika, Mahmood Mamdani, kwa mfano, alifukuzwa nchini mwaka 1972 na mwaka uliofuata alikuwa akifundisha Dar es Salaam. Kwa mwalimu, kuhama kulihitaji kichwa chake na mkataba. Kwa mwanafunzi kulihitaji karatasi ambazo ofisi iliyozishika ilikuwa palepale anapopakimbia. Mzee alisema barua za vijana wale hazikutaja askari wala damu. Ziliandika: nimevutiwa na mtaala wenu. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia waliogopa barua isije ikafunguliwa njiani, na waliogopa pia kwamba sisi tungewaona watu wa siasa.

Kwa Mtanzania wa miaka ile kuhama kulikuwa karibu hakuna. Serikali ilikulipia kila kitu, ikakupangia fani kwa hesabu ya wataalamu wanaotakiwa, na baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 hata kuingia chuo kikuu kulitaka kwanza ufanye kazi na upate maelezo mazuri ya mahali pa kazi na ya chama. Mtu aliyefika kwa njia ndefu namna hiyo hakuanza kuomba kubadilishiwa. Na abadilishiwe kwenda wapi? Sokoine ilipopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1984, mwaka nilioajiriwa mimi, ndiyo kwanza nchi ikawa na vyuo vikuu viwili. Harakati za kuhama zilikuwa kwenye taasisi na vyuo vya stashahada, na huko ndiko nilikojifunza kazi.

Hapa nieleze meza yenyewe ilivyofanya kazi, maana wazazi wengi hadi leo huamini kwamba barua nzuri ndiyo inayohamisha. Barua ilisomwa mwisho. Kwanza tulitazama vyeti vya Kidato cha Nne na cha Sita: je, mtu huyu angeweza kuchaguliwa kwetu mwaka ule alioingia kule? Kama tahasusi yake haikukidhi, hakuna huruma iliyofuata. Pili, matokeo ya kule alikotoka. Mwenye sapu moja, yaani mtihani wa marudio, tulimvumilia. Mwenye sapu nne tulijua anatafuta mlango kabla hajadisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, na aliyekwisha kudisko hakuhesabiwa kuwa anahama. Aliomba upya kama mtu wa nje. Tatu, masomo aliyosoma tuliyaweka kando ya yetu, mada kwa mada, mwalimu wa somo akitia saini kwamba hili linalingana na hili halilingani. Hapo ndipo wengi walipopoteza mwaka, kwa sababu mwalimu hupenda kuamini kwamba somo lake halifundishwi vizuri popote pengine. Nne, kiti. Maabara ya watu 40 haipokei wa 41. Yakipita hayo manne, ndipo mwenyekiti wa kamati alipouliza: na sababu yake nini?

Kamati ilikuwa na tabia moja niliyoichukia tangu mapema, ingawa sikuwa na cheo cha kuisema. Ilimpenda mwombaji anayefuata jambo na kumshuku anayekimbia jambo. Aliyeandika kwamba anafuata kozi fulani ya upimaji ardhi ambayo kwao haipo, wajumbe walitikisa vichwa kwa kuridhika: huyu anajua anachokitaka. Aliyeandika kwamba kule alikotoka hakukaliki, waliulizana: je, akija kwetu akaona hakukaliki? Mume aliyehamishwa kikazi alikubaliwa kila mara, kwa sababu mke anamfuata mume. Katika miaka yangu yote sikuona ombi la mwanamume la kumfuata mke, na nina hakika wake walihamishwa.

Nasema niliichukia kwa sababu historia yote ya elimu ya juu huku kwetu imejaa watu waliokimbia, na wengi wao hawakuwa na kosa. Mwaka 1952 wanafunzi wa Makerere waligomea chakula. Abu Mayanja, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa mgomo, akafukuzwa. Gavana wa Uganda, Andrew Cohen, badala ya kumwacha apotee, alimsaidia kupata nafasi King's College, Cambridge. Mgomaji wa Kampala akapokewa kwenye chuo ambacho wakubwa wa Makerere wenyewe wangejivunia kusomea, akaja kuwa waziri nchini mwake. Nimemtumia Mayanja mara nyingi katika mabishano ya ofisini. Nilikuwa nikiwaambia vijana waliorithi dawati langu: mtu huyu faili lake lingepita kwenu? Lina neno amefukuzwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa katika chuo kikuu cha Butare nchini Rwanda. Mwaka mmoja kabla, Burundi, wanafunzi wa Kihutu walikuwa wakichukuliwa vyuoni na kuuawa. Nairobi ilifungwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na ikakaa zaidi ya mwaka. Mlimani nako kulifungwa Mei 1990, wanafunzi wakakaa nyumbani hadi mwaka uliofuata. Kila tukio la namna hii lilileta barua, nami nilijifunza kutambua mwezi na nchi kabla ya kufungua bahasha.

Aliyenifunza zaidi ya wote alikuja bila bahasha. Ilikuwa mwaka 1996. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likang'aa kwenye mikunjo, alisimama mlangoni akasema shikamoo kwa Kiswahili cha Bujumbura, kilicholainika kwenye r. Alikuwa amefika kwa treni kutoka Kigoma. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na Juni 1995 wanafunzi waliuawa ndani ya chuo kikuu chenyewe. Yeye alikuwa akisoma hisabati, mwaka wa pili.

"Vyeti?" nikamuuliza.

"Mama, vimebaki. Nina hivi."

Akatoa kwenye mfuko wa plastiki madaftari manne, ya mistari ya miraba kama wanayotumia kule, yameandikwa kwa Kifaransa kwa wino wa bluu, kurasa zimevimba kwa unyevu. Utaratibu ulinitaka nimrudishe. Nilifungua la juu nikaona kurasa na kurasa za hesabu, tarehe pembeni, na mahali pengine masahihisho ya mwalimu kwa wino mwekundu. Nikampigia simu mwalimu wetu wa hisabati, mtu mkali ambaye wanafunzi walimwogopa hata wakimwona sokoni.

Alikuja, akachukua madaftari, akakaa naye kwenye benchi la korido nje ya ofisi yangu. Hakujua Kifaransa. Walikaa pale kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba na nusu. Mwalimu alifunika jibu kwa kiganja, kijana akalitafuta upya kwenye karatasi. Mwalimu akatikisa kichwa, akafungua ukurasa mwingine. Mara mbili nilisikia wakibishana, kijana akitumia Kifaransa na mwalimu Kiswahili, na wote wawili wakionyesha mstari uleule. Walipomaliza mwalimu aliingia, akaomba karatasi yenye nembo, akaandika kwa mkono kwamba amempima mwombaji kwa saa tatu na nusu na kwamba mwombaji ameshamaliza, kwa ubora, kila kitu tunachofundisha mwaka wa kwanza na sehemu ya wa pili.

Kamati ilikaa juu ya suala hilo vikao viwili. Hakuna transkripti. Hakuna barua ya chuo anachotoka. Mjumbe mmoja alisema tukifungua mlango huu kila mtu atakuja na madaftari. Waliishia kumkubali kwa sharti aanze mwaka wa kwanza upya. Nilipomweleza, nikidhani atavunjika moyo, alinishukuru kwa mikono miwili, akauliza maktaba inafungwa saa ngapi. Madaftari yalibaki kwenye jalada kama vielelezo, yametobolewa kwa mashine yetu ya matundu mawili, na hilo bado linaniuma. Ningeweza kuyafunga kwa uzi.

Mambo yakabadilika haraka baada ya hapo. Chuo Kikuu Huria kilikuwa kimeanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Vyuo binafsi vikafuata, Tumaini, Kairuki, Mtakatifu Agustino kule Mwanza, Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu mwanafunzi akawa na mahali pengi pa kuhamia. Wakati huohuo kuchangia gharama kulikuwa kumeanza, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi mwaka 2005, mwaka uleule ilipoanza Tume ya Vyuo Vikuu. Sababu ya fedha, ambayo zamani, kwa aibu, hakuna aliyeiandika, ikaingia kwenye barua bila kujificha. Ada imenishinda. Mkopo nimepata asilimia kidogo. Kuna ndugu Dodoma nitakaa kwake bure. Mtu aliyependa uandishi wa habari akaomba kuhamia ualimu wa sayansi, kwa kuwa fani za kipaumbele ndizo zilizokuwa na matumaini ya bumu. Bumu ndilo jina walilolipa fedha ya kujikimu, na siku likichelewa ungesikia korido nzima ikilitaja. Ugumu mpya nao ukazaliwa: mwanafunzi anahama leo, mkopo wake unabaki chuo cha zamani muhula mzima, na niliwaona vijana waliokubaliwa kwa furaha Novemba wakilala na njaa Januari.

Mfumo wa pamoja wa udahili ulipoanza mwaka 2010, barua ya karatasi ilianza kufa. Uhamisho ukawa na dirisha, lina tarehe ya kufunguliwa na ya kufungwa. Jirani zetu Kenya wakafanya yao kwa sheria ya mwaka 2012: bodi moja ya kuwapanga wanafunzi, na anayetaka kuhama hutazamwa kama pointi zake za klasta zinafikia kiwango cha kozi ile kwa mwaka alioingia. Nasema wazi kwamba haya yalipunguza upendeleo. Zamani mtoto wa mkubwa alihama kwa simu moja, nami nilizipokea simu hizo. Kompyuta haina mjomba. Lakini pale palipokuwa na aya mbili za mtu kujieleza pakabaki kisanduku kimoja kilichoandikwa Sababu, na wengi walijaza maneno mawili: sababu binafsi.

Kisha mwaka 2016 ukarudisha kitu ambacho Mzee, aliyekuwa ameshafariki, angekitambua. Mwezi Mei wanafunzi 7,802 wa stashahada maalumu ya ualimu pale Chuo Kikuu cha Dodoma waliambiwa waondoke, na baadaye baadhi yao wakapangiwa vyuo vya ualimu. Mwaka huohuo matawi ya chuo kimoja binafsi yalifutiwa kibali na wanafunzi wake wakagawanywa kwenye vyuo vingine. Nilipokea kundi moja la hao. Walikuja kwa basi, na magodoro juu ya keria. Hakuna aliyejaza sababu. Dola iliwahamisha kwa orodha, kama ilivyokuwa miaka ya 1960, isipokuwa wale wa zamani walikuwa wakifuata kitivo. Katika siku za mwanzo tulilinganisha masomo yao na yetu hadi usiku, na kila tulipokuta somo lisilolingana kulikuwa na mtu halisi anayesubiri kwenye ngazi kujua kama amepoteza mwaka.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2014, katikati ya msimu wa uhamisho, mama mmoja alimleta binti yake dawatini. Binti alikuwa na shida nyepesi, alitaka kutoka uhasibu kuja ugavi, alama zake nzuri, kiti kipo. Nilimaliza naye kwa dakika kumi. Alipotoka kwenda kupiga picha, mama yake akabaki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Hunikumbuki. Nina barua yako. K.n.y. Msajili, na saini yako hii hii."

Alikuwa mmoja wa wale saba. Kamati ya mwaka 1988, wajumbe sita, wanaume wote, ilikataa maombi yote kwa pamoja, ikisema vyeti vya zahanati havitoshi, waombaji walete vya hospitali ya rufaa. Mzee aliomba wajumbe wapeleleze kwanza kuna nini kule, hakusikilizwa. Majibu yale niliyachapa mimi kwa mashine, karatasi saba na kaboni saba, nikasaini kwa niaba ya mkubwa wangu. Mama yule aliniambia, akiwa amekaa wima na mkoba magotini, kwamba mkufunzi mmoja alikuwa akiwaita ofisini kwake usiku, mmoja mmoja, kwa zamu, na asiyekwenda alifelishwa. Daktari wa zahanati alikuwa kaka wa mmoja wao; ndiye aliyewashauri waandike pumu, maana ndiyo wakubwa huikubali. Wawili waliacha chuo. Yeye alibaki na kumaliza, na hakuniambia kwa njia gani, wala sikuuliza. Sheria iliyoitaja rushwa ya ngono kuwa kosa ilikuja mwaka 2007. Miaka ile jambo lenyewe halikuwa hata na jina ambalo msichana angeliandika kwenye barua ya kiofisi.

"Nimekuwa nikijiuliza," alisema. "Tungeandika ukweli, mngetupokea?"

Niliwaona wajumbe wale sita, chupa zao za soda mezani, feni ikizunguka, mwenyekiti akiuliza, na sababu yake nini. Niliisikia sauti ya mmoja wao ikisema je, wakija kwetu wakawasingizia walimu wetu?

"Hapana," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa tarehe. Binti yake alirudi na picha nne za pasipoti, bado zina joto la mashine. Nikachukua mbili, nikazibana kwenye fomu.